Saba kwa Wengine Wote

Idara ya Maji inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, baada ya uchunguzi wa kina uliofanywa na kamati yenye viti vya kuzunguka, imefanikiwa kumfukuza kazi mtumishi ambaye hakuwahi kuwepo.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo, kwa hiyo naomba niaminiwe. Yanasemwa mengi mitaani, hasa na watu ambao siku hizo walikuwa wamebeba ndoo na hivyo hawakuwa katika hali nzuri ya kuandika kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimekaa. Nilikuwa na kalamu na nilikuwa na chai.

Mambo yalianza Idara iliponunua seva. Ni sanduku jeusi linalovuma kama friji yenye kinyongo, na liliwekwa katika chumba chenye kiyoyozi cha pili kwa ubora baada ya kile cha Mkuu. Ndani yake mafundi wa kampuni waliweka programu ya kufungua na kufunga koki kubwa za mji. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na mzee mmoja mwenye spana, ambaye alifungulia alioambiwa. Programu nayo hufungulia ilioambiwa. Tofauti ni kwamba programu haiombi nauli.

Mji wetu una mitaa miwili. Mtaa wa Juu wanaishi viongozi, wastaafu wa uongozi, mbwa wao na majani yao. Mtaa wa Chini wanaishi watu waliobaki. Mafundi walipoondoka, programu ilianza kugawa maji kwa mgao iliotoka nao kiwandani, ambao uko tumboni mwake na hautoki: mitaa yote sawa. Wiki nzima watu wa Mtaa wa Chini walioga mchana kama wafalme. Katika taarifa zetu wiki ile inaitwa Hitilafu ya Awali. Mtaa wa Juu chemchemi ya urembo ya Naibu ilikoma kuruka, na samaki wake wakahamishiwa kwenye beseni.

Mkuu aliagiza hitilafu iondolewe. Likatengenezwa faili la mgao, ambalo programu hulisoma kabla haijagusa koki yoyote. Ndani ya faili iliandikwa kwamba Mtaa wa Juu upate maji kila siku, na Mtaa wa Chini upate Jumanne, hadi nguvu ya maji itakapochoka. Programu ikalisoma faili, ikalitii, samaki wakarudi nyumbani.

Nina kumbukumbu ndefu, na ndiyo sifa pekee iliyonipatia ukatibu. Nakumbuka Mtaa wa Chini ulipoahidiwa bomba kwa mara ya kwanza: bomba lililetwa, likapigwa picha, likarudishwa. Nakumbuka mkuu aliyefuata alipowawekea jiwe la msingi la tangi, na aliyemfuata alipolizindua upya jiwe hilohilo baada ya kupakwa rangi. Tangi lenyewe bado liko katika hatua ya jiwe. Yote yalikuwa maamuzi ya busara kwa wakati wake, na wote walioyafanya wamestaafu wakiwa na afya njema huko Mtaa wa Juu.

Sasa lazima nitaje jambo la kifamilia, kwa sababu liliingia kwenye kumbukumbu za kikao. Dada yangu mkubwa anaishi Mtaa wa Chini. Ni dobi. Anafua mashuka ya zahanati, na ni mashuka yaleyale yaliyonisomesha mpaka nikajua kuandika "rejea kikao kilichopita". Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa amemweleza, kwa upole, kwamba wagonjwa hawaugui kwa ratiba ya Jumanne. Ama mashuka yarudi safi kila siku, ama mwisho wa mwezi kazi inahamia kwa bwana mmoja wa Mtaa wa Juu aliyenunua mashine.

Dada akaja ofisini. Alinikuta kwenye meza yangu akaniambia, bila hata kuketi, kwamba nikae na hao watu wangu niwaombe siku moja tu ya pili. Nilimweleza kwa kituo kwamba maombi ya siku ya pili hupelekwa kwenye Kamati ya Siku za Pili, na kwamba kamati hiyo itaundwa mara tu itakapopatikana haja.

"Nilikuwa nafua nimekubeba mgongoni," akasema. "Ningejua, ningekuloweka."

Akatoka, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la korido, mkabala na mlango wa chumba cha mikutano, na tangu siku ile akawa anakuja kukaa hapo kila ambapo hakuwa na maji, yaani karibu siku zote. Wahudumu wakamzoea. Wakawa wanadeki kumzunguka.

Wakati huo Mkuu alikuwa na shida yake. Alitarajia wageni nyumbani na alitaka majani yake yanywe zaidi kidogo, basi akashuka mwenyewe hadi chumba cha seva kuongeza maji kwenye faili la mgao. Humo hukaa fundi wetu wa kompyuta, mwanamke mmoja anayeitwa Bi Waya, mwenye mdomo na mfuko wa karanga, na ambaye viganda vyake hukutwa mpaka ndani ya kibodi. Bi Waya alimwambia kwamba faili halimkubali.

Mkuu akauliza faili ni la nani basi. Bi Waya akamwonyesha kwenye skrini. Mbele ya faili la mgao palikuwa na jina la mmiliki: mtumishi-maji. Mbele ya faili la chini yake, mtumishi-maji. La chini yake tena, vilevile, mpaka skrini ikaisha.

"Huyu ni nani?" akauliza Mkuu.

"Siyo mtu, Mkuu. Ni jina tu ambalo programu inafanyia kazi. Walioiweka walilitengeneza ili programu isitembee na jina la mtu yeyote. Ikivurunda, ivurunde vyake."

"Ana mafaili mengi kuliko mimi?"

"Ya programu anayo yote."

"Na mimi ninayo mangapi?"

Bi Waya akabonyeza, akatazama. "Una moja. Picha ya mbwa."

Asubuhi iliyofuata ikaundwa Kamati ya Dharura ya Umiliki wa Mafaili. Mkuu alikuwa mwenyekiti, Naibu makamu, mimi katibu, na Afisa Utumishi mtaalamu mwalikwa. Afisa Utumishi ni mama makini sana ambaye hajawahi kuvunja kanuni wala kuuliza ni ya nini. Alikuwa ameupekua utumishi wa huyo mtumishi-maji na matokeo yalitisha. Hakuwa na namba ya ajira. Hakuwahi kuomba likizo. Hakuwahi kuugua, hakuwahi kufiwa, hakuwahi kuaga mapema kwa ajili ya foleni ya barabarani. Alikuwa kazini siku za mapumziko.

"Mtumishi wa namna hii hayupo katika Idara hii," akahitimisha, na hakuna aliyempinga.

Ilikuwa wazi kwamba ni mtumishi hewa. Palitokea tatizo dogo la kitaalamu, kwani watumishi hewa tunaowafahamu hupokea mshahara bila kufanya kazi, na huyu alikuwa anafanya kazi bila kupokea mshahara. Hatukuwa na kifungu. Naibu akasema hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa linawaharibia wenzake. Ikakubaliwa.

Tulimbandikia wito kwenye ubao wa matangazo. Hakutokea. Tukambandikia wito wa pili, kwa herufi kubwa. Tena hakutokea. Bi Waya alipoitwa kutoa ushahidi alitueleza, huku akimenya, kwamba tukimpokonya huyo mafaili yake programu itagoma kuamka, na kwamba yeye ameshasema, asije akaamshwa usiku. Mkuu alimkumbusha kwamba kikao si mahali pa kutishana.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Dada yangu akainuka kwenye benchi lake akachungulia.

"Samahani wakubwa. Huyo mnayemfukuza ndiye anayefungua maji Jumanne?"

Mkuu akakubali kwamba, kwa maana pana, ndiye.

"Basi msimfukuze huyo. Humu ndani ndiye pekee ambaye nimewahi kuiona kazi yake."

Niliandika: mwananchi mmoja alitoa maoni. Kisha mtumishi-maji akapatikana na hatia ya utoro, na ikaamuliwa kwamba mafaili yote ya programu, makubwa kwa madogo, yawe mali ya Mkuu, na programu yenyewe ifanye kazi kwa jina lake.

Umiliki ulikuwa kazi nyepesi. Kilichotutoa jasho ni ruhusa.

Bi Waya alisimama ubaoni akatufundisha. Kila faili lina ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Kusoma huhesabiwa nne, kuandika mbili, kutekeleza moja. Ukiwa nazo zote una saba. Na ruhusa hizo hugawiwa pande tatu. Upande wa kwanza ni mmiliki, upande wa pili ni kundi lake, na upande wa tatu ni wengine wote. Ndiyo maana kila faili lina tarakimu tatu. Akashauri mmiliki apate saba, kundi lipate nne, yaani lisome tu, na wengine wote wapate sifuri wakalale.

Naibu aliitazama ile nne kwa muda.

"Mimi nipewe nne," akasema. "Mimi. Nne."

Akauliza kama mkuu wa karakana naye atakuwa na nne. Bi Waya akasema ndiyo, wote mko kundi moja. Naibu akakunja miwani yake akaiweka mezani, na kwa heshima ya miaka yake ya utumishi kundi zima likapandishwa hadi saba. Afisa Utumishi akasema yeye hataki hiyo ya kutekeleza, kwa sababu kutekeleza ni kazi, lakini alipoonyeshwa kwamba bila hiyo anabaki na sita, akaichukua.

Hapo Mkuu akawa mnyonge. Alikuwa na saba na Naibu ana saba.

"Basi mimi niwekwe nane," akasema.

"Nane haipo, Mkuu."

"Haipo, au hamjaagiza?"

"Haipo. Kusoma, kuandika, kutekeleza. Ukishafanya hayo umemaliza, hakuna cha nane."

"Katibu," Mkuu akasema bila kumtazama Bi Waya, "iandikwe barua iombwe."

Niliiandika. Jibu halijarudi, na mpaka leo Mkuu anakaimu nane.

Tulikuwa karibu kufunga kikao alipoingia Mwenyekiti wa Wastaafu, mzee mwenye fimbo ya fedha ambaye aliwahi kuwa mkuu wa Idara enzi za jiwe la msingi. Alikuwa amesikia kwamba saba zinagawiwa. Alitaka kujua kama waliojenga Idara hii kwa mikono yao, akatuonyesha mikono, watakufa bila hata saba moja. Bi Waya akamweleza kwamba wastaafu si watumishi, kwa hiyo hawawezi kuingia kwenye kundi. Aliye nje ya mmiliki na nje ya kundi anaangukia upande wa tatu.

"Upande wa tatu ni akina nani?"

"Wengine wote."

Mzee alifikiri. Alisema wastaafu ni watu wasio na makuu na wako tayari kuitwa wengine wote, mradi tu wengine wote wapewe saba. Hoja ikaungwa mkono na Naibu, ambaye anastaafu hivi karibuni.

Bi Waya akaweka karanga chini. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Mkuu, naomba unielewe. Wengine wote maana yake ni wengine wote."

"Nimeelewa. Wastaafu."

"Na wengine."

"Wengine hawana kompyuta," akasema Mkuu, na hoja ikafa kifo cha kawaida.

Likabaki jambo moja. Naibu, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu ile nne, alipendekeza kanuni kwamba ruhusa ni heshima, na heshima ya upande wowote isipunguzwe ila kwa ridhaa ya upande huo wenyewe, katika mkutano wa wazi, na kwamba kanuni hii nayo isifutwe ila kwa ridhaa hiyohiyo. Alikuwa anamwogopa Mkuu. Mkuu alitia sahihi kwa furaha, kwa sababu yeye alikuwa anamwogopa mkuu ajaye.

Sherehe ya makabidhiano ilifanyika Jumanne katika chumba cha seva. Sanduku lilifungwa utepe. Bi Waya aliandika amri ya kubadili mmiliki, akaandika amri ya saba tatu, akasogea, na Mkuu akabonyeza kitufe kwa kidole ambacho kilikuwa kimepakwa mafuta. Kisha programu ikazimwa na kuwashwa upya. Bi Waya alikunja mikono akasubiri igome. Taa ikawa nyekundu, ikafikiri, ikawa kijani.

"Imeamka," akasema, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Unaona?" Mkuu akasema. "Yule mtumishi hakuwa na kazi yoyote."

Tulipiga makofi. Bi Waya alipewa onyo la mdomo kwa kukatisha tamaa. Nilipotoka nilimwona dada kwenye benchi. Alikuwa ameshafua ya Jumanne na mwezi ulikuwa unaishia. Alisema keshokutwa muuguzi mkuu anataka jibu. Nilimpa pole kwa niaba ya Idara.

Jumatano Naibu alichelewa kazini, na alipofika alikuwa na povu nyuma ya masikio. Maji yalikuwa yamemkatikia katikati ya kuoga, akiwa ameshajipaka sabuni kila mahali. Simu za Mtaa wa Juu zilianza kuingia moja juu ya nyingine. Majani yalikuwa yanasinyaa, chemchemi zilikuwa zinapiga mbweu. Samaki walikuwa tena kwenye beseni.

Simu yangu nayo ikalia. Ilikuwa dada, na nyuma yake nilisikia kishindo cha maji yakigonga bati.

"Mdogo wangu, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi kuna kosa limefanyika huko kwenu," akasema taratibu. "Msilirekebishe."

Kamati ilikutana saa ileile. Bi Waya aliitwa aje na maelezo, akaja na kompyuta yake ndogo, akatusomea yale ambayo programu huyaandika yenyewe kila inapoamka. Alisoma kwa sauti ya mtu anayejizuia:

"'Faili la mgao linaweza kuandikwa na kila mtu. Siliamini. Nimeliacha. Natumia mgao wangu mwenyewe.'"

Hapo hakujizuia tena, akacheka mpaka karanga ikampalia. Akakiri kwamba hilo hata yeye hakulijua. Alidhani itagoma yote, kumbe imekataa faili tu. Akatufafanulia kwamba waliotengeneza programu waliifundisha tahadhari. Ikikuta faili la maagizo liko wazi kwa wengine wote, inahesabu kwamba mtu yeyote angeweza kuingia na kuandika chochote humo, basi inalipuuza na kurudi kwenye kile kilicho tumboni mwake. Mitaa yote sawa.

"Imethubutu vipi," akasema Mkuu, "kusema hailiamini faili la Idara? Inasema kwa jina la nani?"

"La mmiliki."

"Mmiliki nani?"

Kila mtu akapata cha kuangalia mezani. Mimi nilikuwa na kumbukumbu za kikao, na wajibu ni wajibu.

"Ni wewe, Mkuu," nikasema.

Kwa hiyo msimamo rasmi ulikuwa kwamba Mkuu haliamini faili la Mkuu. Afisa Utumishi alitushauri kwamba, kikanuni, anayetoa tamko la kuidhalilisha Idara huchukuliwa hatua na mkuu wake wa kazi, na akauliza kama Mkuu angependa kujiita leo au kesho.

Mkuu akauliza dawa. Bi Waya akasema dawa ni ya kufumba na kufumbua: upande wa tatu ushushwe. Mmiliki abaki na saba, kundi libaki na saba, wengine wote washuke. Programu italiamini faili tena na maji yatarudi yalikotoka. Vifua vikashuka kote mezani.

"Washushwe," akasema Mkuu.

Naibu akakohoa. Povu lilikuwa limekauka na kumwachia mstari mweupe shingoni. Akakumbusha kanuni.

"Upuuzi gani huu? Nani alitia sahihi?"

Nikafungua ukurasa, ingawa sikuhitaji. "Ni wewe, Mkuu."

Mwenyekiti wa Wastaafu aliitwa haraka aje kuridhia kwa niaba ya wengine wote. Alikuja, akaridhia, lakini Afisa Utumishi akamuuliza alichaguliwa lini na wengine wote kuwasemea, na mzee akawa hakumbuki. Ilibidi mkutano wa wazi. Na kwa kuwa Afisa Utumishi ndiye aliyetoa matangazo, yalibandikwa kila mahali ambapo kanuni inataka, pamoja na Mtaa wa Chini, ambako hakuna aliyewahi kubandika kitu isipokuwa ilani ya kubomoa.

Mkutano ulifanyika kesho yake uani kwa Idara, juani. Wakazi wa Mtaa wa Juu hawasimami juani, basi walituma madereva wao wawawakilishe. Mtaa wa Chini walikuja wenyewe, wamechana nywele, na wengi wao walinukia sabuni. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwepo pia, amesimama kando ya dada yangu, na mikononi alikuwa na shuka moja jeupe lililokunjwa, ambalo alikuwa akilipapasa kama mtu anayetafuta kasoro.

Mkuu alihutubia vizuri. Alisema kwamba kwa sababu za kitaalamu ambazo hangependa kuwachosha nazo, wananchi walijikuta wamepewa ruhusa kubwa mno, na sasa Idara inawaomba, kwa hiari na moyo wa uzalendo, waiachie. Alisema saba ni mzigo. Alisema yeye mwenyewe hubeba ya kwake kwa shida.

Dada yangu alinyoosha mkono.

"Samahani, Mkuu. Hao wengine wote ni sisi?"

"Kimsingi, ndiyo."

"Tukikubali, maji yanarudi kuwa ya Jumanne?"

"Mgao utarejea katika hali yake ya kawaida."

"Na tukikataa?"

Mkuu akanitazama. Mimi nikaitazama kanuni. Kanuni haikunitazama.

"Hali," akasema Mkuu, "itabaki kama ilivyo."

"Basi tumekataa," akasema dada, akakaa.

Kura ikapigwa kwa mikono. Sikuhesabu waliokataa, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumtafuta aliyekubali. Madereva wa Mtaa wa Juu walikataa wote, wengine kwa mikono miwili. Ikagundulika kwamba wanaishi Mtaa wa Chini. Bi Waya naye alikuwa amenyoosha mkono. Mkuu alimuuliza kama amesahau yeye ni mtumishi. Akajibu kwamba ni saa ya chakula, na saa ya chakula yeye ni wengine wote.

Jioni Mkuu alimwita ofisini akamwomba, kindugu, ashushe tarakimu hiyo kimyakimya. Bi Waya akasema bila shida, alete tu amri yenye sahihi, ataibandika ubaoni chini ya ile miito ya mtumishi-maji. Mkuu akasema atalifikiria.

Nisieleweke vibaya. Hakuna mkubwa aliyepoteza chochote. Kila mmoja bado ana saba yake na anaitumia. Naibu huingia asubuhi kwenye faili la mgao akaandika kwamba maji yote yaende mtaani kwake. Baadaye huingia Mwenyekiti wa Wastaafu, akafuta, akaandika ya kwake. Kabla ya chakula cha mchana huingia Mkuu, akafuta yote, akaandika kwa herufi kubwa. Faili limekuwa refu na lenye hisia. Programu haijawahi kulisoma.

Sasa Mtaa wa Juu wanapata maji yanayotosha watu, lakini hayatoshi majani, na yule bwana mwenye mashine ameiuza. Nguo zao wanazileta chini. Dada yangu alibaki na mashuka ya zahanati, akafunga kamba mbili zaidi uani, na Jumamosi nami nilimpelekea mashati yangu. Nilikuta foleni mpaka nje ya geti. Wa mwisho kabisa alikuwa Mkuu, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na furushi la mapazia mapajani. Nikamwamkia, nikampita, nikaenda moja kwa moja mbele, kama ilivyo haki ya ndugu wa damu na katibu wa kamati.

Dada alikuwa ameinamia beseni. Hakuinua kichwa.

"Una ngapi?"

"Saba, dada."

"Saba hapa kila mtu anayo. Rudi ukakae nyuma ya mkuu wako."

Nikarudi. Huko nyuma Mkuu alikuwa amesikia. Alisimama, akakohoa, akasema kwa sauti ya kufika mbele kwamba yeye, ili kumbukumbu ziwe sahihi, anakaimu nane.

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Dada akakamua shuka, akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba.

"Nane haipo, baba," akasema. "Kaa."

Akakaa.